Al-Harthi: Jina la Mkulima Lililovuka Bahari

Na Mwandishi Wetu, Ughaibuni

Msomaji wa Kiswahili akiliona jina la wilaya ya Dima wa Tayyin katika ramani ya Oman, la mwanzo litakalomjia ni kuwa Dima ni wa Tayyin, kama tunavyosema Juma wa Hamisi. Sivyo. Hiyo "wa" ni ya Kiarabu na maana yake ni "na". Ni Dima na Tayyin, sehemu mbili zilizofungwa pamoja zikawa wilaya moja ya milima, mabonde na falaji. Tangu mwaka 2011, pale Sharqiyah ilipogawiwa mikoa miwili, wilaya hiyo imo katika Sharqiyah ya Kaskazini ambayo mji wake mkuu ni Ibra.

Tumeanza na hilo kwa sababu mada yetu leo ni majina, na majina ya watu wa upande ule yanatuhusu sisi wa pwani kuliko wengi wetu tunavyokubali kusema. Katika mabonde ya Dima wa Tayyin utasikia Al-Siyabi, Al-Rahbi, Al-Battashi. Ukiteremka Ibra utakutana na Al-Harthi na Al-Maskari. Mtu aliyesoma Unguja, Pemba, Mombasa au Tabora zama za wazee wetu, orodha hiyo kwake ni kama mwalimu anaita rejista asubuhi. Waliondoka huko na majahazi ya kaskazi, wakaja kulima, kuchuuza na kutawala, na wengine kuuza watu. Majina yao yamebaki huku, hata pale wenyewe walipofukuzwa.

Tumelichagua jina moja, Al-Harthi, kwa kuwa ndilo lenye visa vingi zaidi, na kwa kuwa bado lina uwezo wa kumpa mtu haki au kumnyima.

Kwanza maana yake. Asili yake ni neno "harith", yaani mwenye kulima, mwenye kuipasua ardhi na kuipanda. Waingereza nao wana majina ya namna hii: Farmer, Plowman, Tiller. Tofauti ni kwamba kwa Waingereza jina kama hilo lilikuwa la kazi ya mtu, halafu likagandishwa katika vitabu vya makanisa baada ya amri ya Thomas Cromwell ya mwaka 1538 kuwa kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Kwa Waarabu, Harith lilikuwa ni jina la mtu. Ni jina kongwe, lilikuwepo kabla ya Uislamu, na katika mapokeo ya Kiislamu limesifiwa kuwa ni miongoni mwa majina ya kweli kabisa, maana hakuna mwanaadamu ambaye hahangaikii riziki yake. Kizazi cha Harith wakaitwa Al-Hirth kwa wingi, na mmoja wao akaitwa Al-Harthi. Wa kike huwa Al-Harthiya. Sisi wa pwani tukaweka kiambishi chetu tukasema Maharthi, kama tunavyosema Mabarwani na Mamazrui, na mambo yakaishia hapo.

Kwa kuwa Harith ni jina la watu wengi katika historia ya Uarabuni, si kila Al-Harthi ni ndugu wa kila Al-Harthi. Saudi Arabia imejaa watu wa jina hili, upande wa Taif khasa, na hao ni kabila jengine. Kijana wa Unguja akienda Jeddah akamkuta mwenye duka anaitwa Al-Harthi, asikimbilie kumkumbatia kwa kudhani amempata ami yake.

Maharthi wetu sisi ni wa Sharqiyah. Ibra wenyewe kwa muda mrefu uligawika mitaa miwili, ule wa juu ukiwa wa Al-Maskari na ule wa chini, Sifala, ukiwa wa Al-Hirth. Katika ule mgawiko mkubwa wa makabila ya Oman wa Wahinawi na Waghafiri, Maskari walisimama kwa Waghafiri na Harthi ndio waliokuwa vichwa vya Wahinawi katika Sharqiyah nzima. Kwa hiyo mji mmoja, msikiti huenda mmoja, lakini siasa mbili. Wanaotoka Visiwani hawahitaji kuelezwa zaidi jambo hilo linavyokuwa.

Masheikh wao hawakuwa watu wa kukaa kimya. Sheikh Saleh bin Ali Al-Harthi alikuwa mmoja wa walioshirikiana na Said bin Khalfan Al-Khalili kumsimamisha Imam Azzan bin Qais mwaka 1868, na baada ya Imamu huyo kuuawa aliwasumbua masultani wa Muscat mpaka mwisho wa uhai wake. Mwanawe Abdallah aliuvamia na kuushika mji wa Muscat mwaka 1895. Mwanawe mwengine, Isa bin Saleh, ndiye aliyetia saini kwa upande wa Imamu katika mkataba wa Seeb wa 1920, ule uliowaachia watu wa ndani ya Oman mambo yao kwa miaka zaidi ya thalathini. Na vita vilipozuka tena miaka ya 1950, Maharthi walikuwa pande zote mbili: Saleh bin Isa akiwa na Imam Ghalib bin Ali uhamishoni, na mwana wa nduguye, Ahmad bin Muhammad, akiwa na Sultan Said bin Taimur. Wanaodhani kabila ni kundi la watu wenye mawazo mamoja wakitazame kisa hicho.

Turudi pwani.

Yako masimulizi ya kale, yaliyoandikwa na Mreno João de Barros katika karne ya 16, ya ndugu saba waliokimbia Al-Ahsa wakaja na jahazi kukaa Mogadishu na Barawa. Waandishi waliokuja baadaye wakawafanya ndugu hao kuwa ni Al-Harith. Sisi tunalichukulia hilo kama tunavyochukulia masimulizi ya Washirazi: lina ukweli wa aina yake, lakini si cheti cha kuzaliwa. Lililo wazi ni kwamba katika karne ya 19, Seyyid Said bin Sultan alipouhamishia utawala wake Unguja, Maharthi walikuwa tayari ni matajiri wenye mashamba na watu, na hawakumwona Mbusaidi kuwa ni bwana wao. Walimwona ni mwenzao aliyepata.

Seyyid Said alipofariki baharini mwaka 1856 na Majid kushika Unguja, ndugu yake Barghash alitaka kumpindua, na nguvu yake ilikuwa ni Maharthi. Mwaka 1859 walijikusanya katika jumba la shamba lililoitwa Marseilles, huko Unguja, mpaka Waingereza walipoingilia kati kwa mizinga na mabaharia. Barghash akapelekwa Bombay. Binti Salme, dada wa Barghash ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Emily Ruete, alikuwa katika njama hiyo akiwaandikia barua zao, na mwenyewe akaeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka Berlin mwaka 1886. Barghash naye alipokuja kuwa Sultan mwaka 1870, aliwageukia vyengine. Siasa za Unguja hazikuanza jana.

Tawi mashuhuri la Maharthi huku kwetu ni Al-Barwani. Wako Mabarwani wengi wasiojiita Al-Harthi kabisa, na jina la tawi limekuwa kubwa kuliko la mti. Lindi ilikuwa ni mji wao kwa biashara ya kusini. Muhammad bin Khalfan Al-Barwani, ambaye watu wa bara walimpa jina la Rumaliza, alitawala biashara ya pembe na watumwa kutoka Ujiji na kupigana na Wabelgiji mpaka 1894. Tusilipake sukari jina lake. Huko Kongo mashariki hakumbukwi kwa wema. Katika karne iliyofuata, jina hilo hilo lilibebwa Unguja na Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, kiongozi wa Hizbu na waziri katika serikali ya Uhuru wa Disemba 1963, aliyefungwa miaka mingi katika magereza ya Tanzania Bara na kufariki Muscat mwaka 2006. Na mwaka 2010 wapigakura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kwa tiketi ya CUF, akawa mlemavu wa ngozi wa mwanzo kuchaguliwa na wananchi kuingia Bunge la Tanzania. Mfanyabiashara ya watumwa, mfungwa wa siasa, na mbunge aliyesimama mbele ya nchi iliyokuwa ikiwaua wenzake kwa ushirikina. Wote watatu ukiwatafuta kwa herufi B unawapata ukurasa mmoja.

Lakini Mharthi ambaye kila mtoto wa skuli Tanzania anamjua, jina lake la kabila hafundishwi. Ni Bushiri bin Salim, au Abushiri kama vitabu vinavyomwita. Huyu alikuwa Al-Harthi, mwenye shamba la miwa Pangani. Vitabu vingi vinasema mama yake alikuwa Mgalla, ambao leo twawaita Waoromo. Mwaka 1888, Sultan Khalifa bin Said alipoikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Kijerumani, na Emil von Zelewski wa kampuni hiyo alipoingia Pangani kwa ubabe na kuvunja heshima za watu, mji uliwaka na Bushiri akawa kiongozi. Hermann von Wissmann akaletwa na askari wa kukodiwa. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Disemba 1889.

Hapa jina lilitumika kama silaha, na tunataka msomaji alitazame vizuri. Wajerumani waliviita vita vile "uasi wa Waarabu". Ilikuwa na faida kwao. Mapema mwaka 1889 Bunge la Berlin lilitakiwa kutoa fedha, na wabunge wasingetoa kwa ajili ya kampuni iliyoshindwa kuendesha biashara yake. Wakaambiwa ni vita vya kukomesha watumwa dhidi ya Waarabu, na ushahidi ukawa ni jina la kiongozi. Fedha zikatoka. Kumbe waliopigana wengi walikuwa ni watu wa miji ya Mrima, Washirazi, wapagazi na watu wa bara waliokuja na misafara, kama alivyoonesha mwanahistoria Jonathon Glassman katika kitabu chake cha mwaka 1995. Waliobeba bunduki walikuwa na majina mengine, lakini kichwa cha habari kilikuwa Al-Harthi. Na mama yake Bushiri hakumo katika jina kabisa, kwa kuwa nisba humfuata baba tu. Ndivyo ilivyo kwa sote. Bibi zetu wa Kinyamwezi, Kiyao, Kimanyema na Kigalla, ambao bila ya wao pasingekuwa na mtu wa kuitwa Al-Harthi Zanzibar hii leo, hawakuachiwa hata herufi.

Baada ya Januari 12, 1964, jina lililokuwa fahari likawa ni hatari. Waliouawa waliuawa, waliokimbia walikimbia, na waliobaki wengi walilikunja jina lao kama mkeka wakaliweka uvunguni. Mtoto akaandikwa skuli kwa jina lake, la baba na la babu: Said Salim Abdalla, basi. Hakuna sheria iliyowalazimisha, woga ulitosha. Miaka ikapita, wajukuu wakakua bila ya kujua kuwa wana jina jengine. Wapo waliolijua siku ya maziko ya babu, pale mzee mmoja alipolitaja.

Halafu Julai 1970 Sultan Qaboos akashika madaraka Muscat na kuwaita Waomani walioko nje warudi wajenge nchi. Walikwenda kwa maelfu kutoka Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura na Kigali, na wengine waliokuwa tayari Cairo na London. Walikuwa na elimu na Kiingereza, na nchi ilikuwa na skuli tatu tu za serikali za kisasa. Lakini ili mtu apate pasi ilimbidi athibitishe nisba yake, na wa kuithibitisha alikuwa sheikh wa kabila lake huko huko Ibra, Nizwa, Al-Mudhaibi au katika mabonde ya Tayyin. Utazame mzaha wa dunia: jina ambalo Unguja lilifichwa ili mtu aishi, Oman lilitakiwa litolewe ili mtu aishi. Familia zilizokuwa zimelikunja zikaanza kulikunjua kwa haraka, zikitafuta wazee, barua za zamani na hati za mashamba. Wenye bahati walipata sheikh aliyemkumbuka babu yao aliyepanda jahazi Sur. Wenzao walibaki wageni katika nchi waliyoambiwa ni yao. Na aliyekuwa na mama Mharthi na baba Mngazija au Mswahili hakuwa na mlango wa kupigia hodi, kwa kuwa kwa kawaida uraia wa Oman nao huja kwa baba.

Nisba haisemi tu wewe unatoka wapi. Inasema pia nani alikuwa bwana na nani mtumwa. Utumwa ulifutwa Unguja mwaka 1897 na Oman mwaka 1970, lakini majina hayakufutwa. Unguja walioachwa huru walijitafutia majina wenyewe, na katika sensa za Mwingereza za 1924 na 1931 unawaona watu wale wale wakihama kutoka "Mswahili" kwenda "Mshirazi" na "Mhadimu", kama alivyoeleza Laura Fair. Mtu alikuwa anajiandika upya. Tunaamini hiyo ilikuwa haki yao, na ni katika mambo ya kishujaa yaliyofanyika bila ya bunduki katika historia yetu.

Oman mambo hayakuwa mepesi hivyo. Katika miaka ya 2000 serikali iliamua kuwa watu wa makundi mawili, Al-Khalifayn na Awlad Tuwayya, waandikwe chini ya jina la Al-Harthi. Msomaji wa mbali atasema, si heshima hiyo, kupewa jina kubwa? Wenyewe hawakuona hivyo. Walisema wao ni kabila zenye nasaba yao, na kuandikwa kwa namna ile ni kutangazwa kuwa walikuwa watumishi wa Maharthi, jambo ambalo katika jamii ile linafika mpaka kwenye ndoa, kazi na nafasi ya kukaa katika baraza. Walilalamika, na kisa chao kikaingia katika ripoti za haki za binaadamu za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Jina lile lile ambalo Mzanzibari wa Muscat alikesha akilitafutia ushahidi, jirani yake alikuwa akikesha kulikataa. Na wote wawili walikuwa na haki.

Kwa hiyo haikutushangaza kuwa mwandishi aliyeupeleka utumwa wa Oman mbele ya wasomaji wa dunia nzima naye ni wa jina hili. Jokha Alharthi alipata tuzo ya Man Booker International mwaka 2019 pamoja na mfasiri wake Marilyn Booth, kwa riwaya ya Kiarabu iitwayo Sayyidat al-Qamar, ikiwa ni mara ya kwanza tuzo hiyo kwenda kwa kitabu cha lugha ya Kiarabu. Kijiji cha riwaya hiyo kina mabwana, kina watumwa na watoto wao, na Zanzibar haiko mbali. Tunapendekeza isomwe na wale wenzetu wanaosema utumwa ni propaganda, na pia na wale wanaosema kila mwenye jina la Kiarabu ni mfanyabiashara ya watumwa.

Leo jina hili liko kila mahali. Liko Muscat katika wizara, vyuo na mabenki. Liko katika mbio za magari, ambako Ahmad Al Harthy amebeba bendera ya Oman kwa miaka katika viwanja vya Ulaya. Liko Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, na katika miji yote ya Uingereza na Canada ambako watu wetu wamejibanza. Wengi wanaolibeba Muscat bado wanapika mkate wa kumimina Ramadhani na kugombana kwa Kiswahili.

Tatizo lao la siku hizi ni karatasi. Jokha ni Alharthi, neno moja, mwisho i. Ahmad ni Al Harthy, maneno mawili, mwisho y. Wa Mombasa ni el-Harthy, wa pasi ya zamani ya Kiingereza ni Harthi bila ya "Al", na Msaudia ni Al-Harithi, ingawa kwa Kiarabu wote wanaandika herufi zile zile; Waomani huimeza tu ile i ya katikati. Kaka ameandikwa Al-Harthi na dada Al-Harthiya, na ofisi za Ulaya zinauliza kama hawa ni ndugu kweli. Sisi wenyewe tumewahi kukaa mbele ya afisa wa uhamiaji, katika nchi ambayo tunaishukuru kwa kutupokea, aliyelichukua jina la babu yetu akalifanya la ukoo, akaliweka la baba katikati na kulisahau letu. Tangu siku hiyo barua zote zinamjia babu, Mungu amrehemu.

Kwa wanaojaza fomu za watoto wao wakati huu, ushauri wa waliopita njia hiyo ni mmoja: chagueni namna moja ya kuandika na muiweke hivyo hivyo kwa watoto wote, cheti cha kuzaliwa na pasi. Na pembeni andikeni kwa Kiarabu, kwa herufi ya "tha" ile ya thelathini na si "sin". Kwani ukiandika kwa sin, Harthi anakuwa Harsi, na harasi ni mlinzi wa getini.